Visanduku Kumi na Kimoja vya Alhamisi

Atupele mwanangu,

Ninakuandikia mchana huu wa Jumamosi kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa. Kila nikifungua kinywa unaniambia, "Nimeelewa, mama," kabla sijafika hata nusu ya neno, na mtu anayeelewa kabla hajaambiwa mimi sijui nimfanyeje. Karatasi angalau huwezi kuikatiza. Kaa chini usome.

Umekwenda Mbalizi kumuaga shangazi yako na sanduku umeliacha wazi kitandani, nusu nguo, nusu viatu. Raizoni jozi mbili, visigino kama matofali, Atupele! Unakwenda Iringa kusomea kazi ya kutunza kumbukumbu za hospitali, au unakwenda dansini? Haya, sisemi. Nilijiapiza kwamba barua hii haitakuwa ya blanketi, sweta na kuwaamkia wakubwa. Iringa ni kwetu mimi, baridi yake naijua, na mama zangu wadogo waliobaki kule watakupokea kwa salamu yetu, kamwene, mpaka uchoke kuitikia. Hayo yatajipanga yenyewe. Na ile chupa ya chai nyekundu uliyoililia wiki nzima, ambayo nimekukatalia bila kukupa sababu, ukanuna kama mtoto wa chekechea, nayo nitaifikia.

Kwanza Alhamisi.

Alhamisi nilikwenda mazishini kwa balozi wetu wa nyumba kumi, nikakuachia kitabu cha wodi ya wazazi ushike kazi yangu kwa siku moja. Siku moja tu. Nitakieleza kitabu hicho upya kana kwamba hukijui, maana nimeona kwamba hukijui. Kila kitanda kina mstari wake, na kila mstari una visanduku vya asubuhi, adhuhuri na jioni. Ndani ya kisanduku unaandika namba ya jinsi mtoto alivyolishwa. Moja, amenyonya kwa mama yake. Mbili, amenyonya na kuongezewa kitu kingine. Tatu, amelishwa kwa kikombe peke yake. Sifuri, hatujui. Kila baada ya miezi mitatu namba zinajumlishwa na kupelekwa mkoani. Wodi yenye moja nyingi inasifiwa. Wodi yenye sifuri nyingi inaulizwa kama ina wafanyakazi au ina vinyago.

Nilirudi saa kumi nikakuta kitabu kimejaa, kisafi, moja, moja, moja, zimesimama kama miti ya uzio. Nikafurahi. Furaha yenyewe haikufika hata mwisho wa ukurasa, kwa sababu nilipofika kitanda cha tano nilikumbuka kwamba yule mama alipangiwa kupasuliwa asubuhi ile, na nesi akaniambia hadi saa tisa alikuwa hajazinduka. Wewe umeandika kwamba adhuhuri amenyonyesha. Alinyonyesha akiwa ndotoni? Nikavaa joho langu la kazi nikapita kitanda hadi kitanda kuuliza. Visanduku kumi na kimoja ulivijaza bila kumfikia mtu.

Nilipokuuliza ulinijibu nini? "Sasa mama, mbona unakuza mambo? Wote wananyonyesha tu hawa. Mwanamke wa huku asiponyonyesha atafanya nini?" Kisha ukacheka.

Nilikaribia kukupiga kwa kitabu chenyewe. Nilitoka nje, nikasimama kwenye bomba kama mtu anayesubiri ndoo ijae, na ndoo sikuwa nayo. Kilichonichoma ni kwamba maneno yale yalikuwa yangu. Niliyasema mimi, neno kwa neno, na kicheko hicho hicho, mwaka ulipokuwa darasa la nne.

Mwaka ule miguu yangu ilikuwa imeanza kuvimba. Sista wa wodi, aliyenihurumia, akanitoa kwenye kubeba mabeseni akanikabidhi kitabu. Nilijiona nimekuwa mtu mkubwa. Mimi, Mhehe wa kutoka nyuma ya Ilula, niliyesoma hadi darasa la saba, nina kalamu mfukoni! Kitabu nilikitunza kuliko nilivyokutunza wewe. Nilikifunika kwa gazeti, nilikipigia mistari kwa rula, na mtu akiweka kikombe juu yake nilikuwa naongea hadi jioni.

Kuwafikia wazazi kitandani, hilo sikulifanya. Miguu, si nimekuambia? Nilisimama mlangoni na kalamu yangu, nikapaza sauti: "Jamani, mmenyonyesha?" Na wodi nzima ikaitikia kwa pamoja, kama darasa, "Ndiyooo!" Nami nikajaza moja ukurasa mzima nimesimama pale pale. Kazi ya saa nzima niliimaliza kabla chai haijapoa, na nilijisifu kwayo; aliyeniuliza nilimjibu maneno yale yale uliyonijibu Alhamisi, nikicheka.

Kitanda cha pili kutoka dirishani kulikuwa na binti anaitwa Tusekile. Alitoka upande wa Tukuyu, uzazi wake wa kwanza, umri kama wako wa sasa. Alijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati wake, njiti, mwenye masikio laini kama jani. Watoto wa namna ile walilazwa kwenye chumba cha joto, ng'ambo ya baraza, na mama zao walikuwa wanavuka baraza kila baada ya saa tatu kwenda kunyonyesha. Hatua ishirini, labda thelathini. Chumba kile kilikuwa na nesi mmoja kwa watoto wote, na yeye alikuwa anafuata kitabu changu. Akikuta moja, anajua mama amekuja, hachanganyi maziwa. Akikuta sifuri, analeta kikombe.

Siku ya pili akafika baba mkwe wa Tusekile. Mzee mpole, kofia mkononi, fimbo, koti zito. Ukoo wake ulikuwa umengoja mjukuu wa kiume kwa muda mrefu, naye akatangaza kwamba hatabanduka. "Mimi nakaa hapa hapa," alituambia, "siendi popote mpaka huyo bwana mdogo atoke na mimi." Akakaa kwenye benchi la barazani, kati ya mlango wa wodi na mlango wa chumba cha joto. Alikuja kunapokucha, akaondoka giza linapoingia. Nilimpenda. Nilimpelekea chai kwa mkono wangu.

Wewe ni Mnyakyusa kwa baba, hayo unayajua tangu utotoni: mke wa mtu hapiti mbele ya baba mkwe. Hamtazami, hamkaribii, akimwona njiani anaingia porini mpaka apite. Mimi mama yako niliolewa nikamkuta baba mkwe wangu alishazikwa, sikuwahi kumkimbia mtu. Wenzangu walipokuwa wakirukia vichakani njiani kwenda sokoni niliwacheka, nikawaambia kwetu Uheheni watu hawaogopi kofia. Desturi ile niliiona mara mia kwa macho haya, na bado sikuiona pale barazani.

Binti yule alikaa kitandani mchana kutwa na maziwa yanamchuruzika hadi kwenye khanga, na mkwe wake yuko mlangoni anamwombea mjukuu. Usiku mzee akishaondoka ndipo alipovuka, akakaa na mtoto hadi alfajiri, akijaribu kumnyonyesha chakula cha siku nzima. Njiti hawezi. Ana tumbo kama kijiko. Kulipokucha mzee akarudi kwenye benchi, nami nikarudi mlangoni kwangu. "Jamani, mmenyonyesha?" "Ndiyooo!" Moja.

Siku ya nne mtoto alikuwa anapungua uzito. Uzito uliandikwa kwenye daftari jingine, na daftari hilo na kitabu changu havikuwahi kuwekwa meza moja. Daktari aliyekuwa zamu akafungua kurasa zangu, akaziona moja zimesimama zimenyooka. Akasema, na nilikuwepo, "Chakula kinaingia. Basi kuna ugonjwa tunautafuta." Akaandika sindano. Mtoto asiye na kitu tumboni tukamdunga sindano siku mbili, kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri.

Alikufa siku ya sita, saa tisa alasiri, mvua inanyesha.

Siku hiyo hiyo Mama Lugano, yule mfagiaji wetu ambaye sasa amestaafu, alikuwa anakausha maji barazani. Nikamwambia mambo ya Mungu hayaeleweki, mtoto ananyonya vizuri namna ile. Akasimamisha fagio lake.

"Ananyonya saa ngapi?" akaniuliza. "Mkwe wake si yuko hapa? Atapita wapi, juu ya bati?"

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani mnajua. Si ninyi mnaoandika?"

Ungedhani baada ya hapo nilikimbia kwa daktari. Hata mimi ningependa kukuandikia hivyo. Daktari aliniita yeye mwenyewe, mbele ya Sista, mbele ya bibi wa mtoto, mke wa yule mzee, na Tusekile amesimama ukutani na khanga yake iliyolowa. Akauliza, "Huyu mtoto alikuwa ananyonya au hakuwa ananyonya?" Jibu nilikuwa nalo, bado la moto, nimelipata barazani muda si mrefu. Nikasema, "Kitabu kinasema alikuwa ananyonya."

Angalia ujanja wa mama yako. Sikusema ananyonya. Nilisema kitabu kinasema. Tangu siku hiyo nikimsikia mtu anasema "kitabu kinasema", nywele zinanisimama.

Yule bibi akaangua kilio. "Basi maziwa yake haina nguvu! Amemuua na maziwa yake!" Tusekile aliinua macho akanitazama, mara moja tu, kisha akatazama chini. Nilisikia baadaye kwamba alirudishwa kwao kabla ya mavuno, kwamba ana maziwa mabaya. Aliondoka kwa mumewe kwa kosa la miguu yangu na mdomo wangu, nami niliendelea kula ugali na kulala.

Hesabu za robo ile zilipopelekwa mkoani, wodi yetu iliongoza. Moja tupu, sifuri hata ya dawa haikuwepo. Wakaja wageni na gari, wakapiga makofi, wakaleta mablanketi kwa ajili ya wodi, na mtunza kitabu akapewa zawadi yake mwenyewe: chupa ya chai, nyekundu, yenye maua, kutoka dukani mjini wakati vitu kama hivyo hata kwa foleni huvipati.

Ndiyo hiyo. Ulikuwa unaishangilia, ukawaita watoto wa jirani waje waione inavyotunza moto. Nami nilikuacha uwaite. Miaka yote hii nimekunywa chai yake, na sitakudanganya kwamba ilikuwa chungu. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Nilimtafuta Tusekile, lakini usinisifu, nilichukua miaka mitatu kupanda basi. Nilimkuta kwenye gulio la huko kwao anauza ndizi, ana mume mwingine, na mtoto mgongoni mnene kama gunia. Nilichutama mbele ya ndizi zake nikamwambia yote. Nikamwambia nilijua siku ile ile nikanyamaza. Nikajitetea kidogo pia, maana mtu hakosi la kujitetea. Nikasema, "Lakini nilipokuwa nauliza, nanyi mliitikia wote."

Akaendelea kupanga ndizi. "Mimi sikuitikia, mama," akasema. "Siku zote sikuitikia hata mara moja. Nilikuwa nakungoja uje."

Nilinunua ndizi ambazo sikuzihitaji, nikarudi nyumbani.

Tangu hapo unaniona ninavyofanya, na unanicheka. Unasema mama anazunguka wodi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndiyo, nazunguka, na miguu inauma, na siulizi tena "umenyonyesha?" kwa sababu hilo swali lina jibu moja tu na kila mwanamke analijua. Nakaa. Nazungumza habari za mvua na bei ya chumvi. Mtoto akilia naona mama anafanya nini. Wakati mwingine nakaa nusu saa nzima bila kupata kitu, na hapo naandika sifuri. Bwana mmoja wa mkoani alinijia juu mwaka jana: "Mama, sifuri zako zinatuharibia picha." Nikamwambia picha atengenezewe kwa mpiga picha, mimi naandika watoto. Sista alininyamazisha kwa kunikanyaga mguu, tena ule mbaya.

Wewe una kichwa kunishinda. Nakuambia wazi, ingawa leo hustahili. Unajumlisha bila kuhesabu vidole, na huko Iringa utafundishwa mambo ambayo sitayaelewa. Utakaa ofisini mbali na vitanda, na kitabu kitakuja kwako kimeshajazwa na mwanamke kama mimi, amechoka, miguu imevimba, anaogopa kuulizwa habari za sifuri. Zitakufikia moja zimenyooka na wewe utafurahi kama nilivyofurahi mimi Alhamisi. Ndiyo maana nimekasirika kiasi hiki. Nimeshakuona ukifurahi.

Sasa nikueleze nilichofanya. Jana nilichukua kalamu nyekundu nikakata visanduku vyako vyote kumi na kimoja, nikaandika sifuri, nikatia sahihi yangu pembeni. Sista amenuna. Ripoti inaondoka Jumatatu, na robo hii hatutapigiwa makofi. Kumi kati ya hivyo nimevifuatilia mwenyewe na mambo ni mazuri: wa kitanda cha tano ananyonyesha tangu alipozinduka, na wengine walikuwa wananyonyesha kama ulivyobahatisha. Usitabasamu. Mwizi naye hubahatisha mlango ulio wazi.

Kimebaki kimoja, cha kitanda cha nane. Ni binti wa rika lako, njiti wake yuko chumba cha joto, na hakuna mtu mlangoni wala barazani, nimetazama hadi nyuma ya jiko. Havuki. Nawe uliandika moja. Kwa sababu ya sifuri niliyoiweka, mtoto analetewa kikombe tangu jana na hana hatari, lakini kwa nini mama yake havuki hatujui. Mimi nimekaa naye mara tatu. Ananiitikia "Ee mama, ee mama," anatazama ukuta. Mimi kwake ni mtu wa joho na kalamu. Wewe unaweza kuwa dada yake.

Basi la Iringa linaondoka kesho saa tatu asubuhi, na wodi inafunguliwa saa kumi na mbili na nusu. Nimepika uji wa ulezi, nimeutia kwenye chupa nyekundu, nimeifunga kwenye kitenge iko mezani. Hadi asubuhi utakuwa bado wa moto, chupa hiyo haina ubaya wowote, ubaya ni wa mwenyewe. Mpelekee. Mmiminie, ukae kitandani pake, kalamu iache nyumbani. Usimuulize kitu. Akikuambia, kamwambie nesi. Asipokuambia, rudi uniambie hujui, nami sitakugombeza, Atupele, nitakubebea sanduku hadi kituoni na raizoni zako zote mbili.

Akishamaliza uji, suuza chupa uende nayo Iringa. Kisanduku chake cha kesho asubuhi nimekiacha wazi kwa ajili yako.

Mama yako,
mwenye miguu mibaya.